Waliotuchekesha Wamelala Wapi?

Kwa watu wa Nyanda za Juu za Kusini, kaburi si jambo dogo. Anayeifahamu Kalenga, karibu na mji wa Iringa, ajua habari za Mtwa Mkwawa: kwamba mwaka 1898 alijiua ili asishikwe na Wajerumani, na kichwa chake kikachukuliwa, kwamba Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza kirudishwe, na kwamba hakikurudi mpaka mwaka 1954, Gavana Edward Twining alipokikabidhi kwa Wahehe. Miaka 56 ilipita, na watu hawakusahau. Walichokumbuka si thamani ya mfupa. Waliamini ya kwamba aliye hai ana deni kwa aliyekufa, na kwamba deni hilo halifutwi kwa kupita kwa miaka.

Basi yafaa tuulize: je, deni hilo twadaiwa na watawala na mashujaa peke yao? Aliyetuimbia harusini, aliyetuchekesha jukwaani, aliyepiga ngoma tukasahau taabu zetu kwa usiku mmoja, yeye hatudai kitu?

Swali hili laonekana wazi katika makaburi ya Kinondoni, Dar es Salaam, ambayo jina lake lajulikana hata na watu wasiowahi kufika mji ule. Huko alizikwa tarehe 10 Aprili 2012 mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki siku tatu kabla, Jumamosi Kuu, akiwa na umri wa miaka 28. Maelfu ya watu walijitokeza kumwaga. Mwezi Mei 2014 walizikwa huko huko, katika majuma mawili yanayofuatana, waigizaji wengine wawili: Adam Kuambiana, aliyekuwa pia mwongozaji wa filamu, na Rachel Haule. Hao nao walililiwa. Lakini mwulize leo kijana wa Mafinga au wa Tukuyu. Jina la Kanumba atalitaja bila kufikiri; hayo mengine mawili huenda akayakumbuka kwa shida. Na yule aliyeigiza mlinzi wa mlango kwa dakika moja, au aliyeshika taa ili uso wa mwingine uonekane, huyo hata akiwa hai hakujulikana.

Muziki nao ni vivyo hivyo. Katika makaburi ya Kisutu, jijini humo, amelala Marijani Rajabu, aliyeitwa Jabali la Muziki, aliyefariki Machi 1995. Nyimbo alizoimba na bendi ya Dar International zingali zapigwa redioni. Lakini wimbo wa dansi haufanywi na mtu mmoja. Yuko aliyepiga besi, yuko aliyepuliza tarumbeta, wako walioitikia. Ondoa sauti za waitikiaji, na wimbo ule tuupendao utabaki kama nyumba isiyo na paa. Sisi tulicheza kwa kazi ya wote, tukashukuru mmoja.

Wala hatuna haja ya kwenda Dar es Salaam kutafuta mifano. Katika miaka ya 1980 mji wa Iringa ulikuwa na bendi yake, Tancut Almasi, iliyomilikiwa na kiwanda cha kuchonga almasi. Waliohudhuria dansi siku zile hawajasahau sauti za mapacha Kasaloo na Kyanga, waliotoka Zaire. Majina ya wenzao wengi yangalipotea kama mmoja wao, mpiga gitaa John Kitime, asingalishika kalamu na kuandika kwa miaka mingi habari za wanamuziki wa nchi hii, wakubwa kwa wadogo. Kazi ya namna hiyo si ya kujifurahisha. Ni jamaa ya ile kazi ya huruma ya kuzika wafu, kwa maana asiyetajwa tena amezikwa nusu tu.

Turudi nyuma zaidi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake ya kunasa sauti, akanasa na muziki wa Wahehe. Mwaka 1954 alianzisha huko Afrika Kusini maktaba ya muziki wa Kiafrika, ambako sauti alizozinasa zimehifadhiwa. Nani kati yetu aweza kumwonyesha mtoto wake kaburi la mpiga ligombo mmoja wa zama zile? Sauti imepata makao mbali. Mwenye sauti yu karibu nasi, chini ya majani.

Na kwa Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela, Bibi Monica Wilson aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1957 jinsi ngoma ilivyopigwa msibani, na vijana wakacheza na mikuki yao mbele ya wafiwa. Si kwamba hawakuwa na majonzi. Ngoma ile iliyageuza majonzi yakachukulika. Fikiri basi, ndugu msomaji, juu ya mpiga ngoma yule. Maisha yake yote aliwapunguzia wengine uzito wa kaburi. Kaburi lake mwenyewe li wapi?

Hapa mtu aweza kutupinga kwa hoja tatu, nazo si za kupuuzwa.

Ya kwanza, atasema kwamba wachekeshaji na waimbaji ni watu wa starehe, na wengine maisha yao hayakuwa ya kuigwa. Tuwe waangalifu, maana hukumu ya namna hiyo imekwisha kutolewa zamani, na ikawaaibisha waliotoa. Huko Ufaransa ya zamani waigizaji walinyimwa maziko ya Kikristo ikiwa hawakuukana ufundi wao kabla ya kufa. Molière, mchekeshaji aliyewafurahisha wafalme, alipofariki Paris mwaka 1673, ilibidi Mfalme Louis XIV aombwe aingilie kati. Ndipo maiti yake ikaruhusiwa kuzikwa, usiku, pasipo ibada kuu. Mwaka 1817 mifupa iliyodhaniwa kuwa yake ilihamishiwa Père-Lachaise, makaburi yaliyofunguliwa mwaka 1804, ambayo wakuu wa mji walitaka yapendwe na watu wenye mali. Yule aliyeingizwa kaburini gizani akawa pambo la kuvutia wanunuzi wa viwanja. Waliomkataa walikosa, na waliomrudisha hawakumrudisha kwa kumpenda. Makosa hayo mawili ni ndugu: yote mawili yampima marehemu kwa faida ya walio hai.

Hoja ya pili ni kwamba kumbukumbu ya mwanadamu ni ndogo, haiwezi kubeba majina yote. Hilo ni kweli. Lakini kukumbuka ni jambo moja, na kushukuru ni jambo jingine. Kumbukumbu huhitaji jina, shukrani haihitaji. Tarehe 2 Novemba tunawaombea marehemu waamini wote, wala padre haulizi nani alikuwa mashuhuri. Mtoto aliyelelewa vema huwashukuru hata waliopanda mti asiowajua, kwa kuwa amekula matunda yake.

Tena hapa ndipo penye kipimo cha moyo. Anayekwenda kwenye kaburi la mtu mashuhuri huenda akapata kitu kwa safari yake. Atapiga picha, atawasimulia wenzake, jina kubwa litamwangaza kidogo na yeye. Hatusemi kwamba afanya vibaya. Twasema tu kwamba pale si rahisi kujua kama amekwenda kumheshimu marehemu au kujitafutia sehemu ya sifa zake. Lakini anayeinama kung'oa magugu kwenye kaburi la mpiga besi asiyetajwa, huyo hapati kitu. Hakuna atakayemwuliza habari zake. Shukrani yake ni safi kwa sababu haina malipo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: maua ya kaburini hayamfai aliyekufa na njaa. Waimbaji wangapi walipigiwa makofi jioni, na asubuhi wakakosa nauli? Nchi yetu ilitunga mwaka 1999 Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, ambayo inawatambua pia waigizaji na wapigaji, si watunzi peke yao. Ni jambo jema. Lakini sheria humlinda ambaye jina lake limeandikwa. Aliyepiga kinanda kwa siku moja akaondoka bila kuandikwa popote, sheria itamtafutia wapi? Basi hoja hii haivunji neno letu, bali yalithibitisha. Kusahau kwetu hakuanzi kaburini. Kwaanza siku ile tunapolipa mmoja, na kumpa mkono mmoja, na kuandika mmoja, hali kazi imefanywa na kumi.

Tufanye nini basi? Mambo yenyewe si makubwa. Kila kwaya ya parokia, kutoka Tosamaganga mpaka Mbeya, iandike katika daftari majina ya waimbaji wake na wapiga vyombo wake, pamoja na miaka waliyotumika. Bendi na vikundi vya ngoma vifanye hivyo hivyo. Familia iliyozika mpiga ngoma isione haya kuandika msalabani ya kwamba alikuwa mpiga ngoma; mbona twaandika kwamba fulani alikuwa mwalimu au karani? Na mwezi wa Novemba, tunapokwenda kusafisha kaburi la mzazi wetu, jembe lisogee hatua mbili, lisafishe na kaburi la jirani asiye na mtu.

Wahehe walikingoja kichwa cha mtawala wao kwa miaka 56, nao walitenda haki. Lakini mtawala akumbukwa na taifa lake lote. Mchekeshaji mdogo hana taifa la kumdai. Anao wale tu aliowachekesha. Nao wakinyamaza, hakuna mwingine wa kulipa.