Kalamu Yako Iko Wapi, Mchekeshaji?

Wewe ndiye unayewavunja watu mbavu kijiweni. Wewe ndiye unayemwigiza mwenyekiti wa mtaa mpaka shangazi anakuomba uache, pumzi zimemwishia. Msibani wanakukalisha mbali makusudi, maana ukifungua mdomo tu, waombolezaji wanaanza kujiuma midomo. Miaka mingapi sasa unaambiwa, "Wewe ulitakiwa uwe kwenye TV"?

Na miaka yote hiyo umeandika nini?

Nauliza tena. Umeandika nini?

Usiniambie vyote viko kichwani. Kichwani kuna ulichokumbuka jana na utakachosahau kesho. Televisheni hailipi kichwa. Inalipa kurasa.

Mtazame mchekeshaji Wanda Sykes. Kazaliwa mwaka 1964 Portsmouth, Virginia, huko Marekani. Kamaliza Chuo Kikuu cha Hampton, kapata ajira serikalini, tena NSA, shirika la kijasusi la kunasa mawasiliano. Unadhani alikuwa anafukuzana na majasusi? Alikuwa kitengo cha manunuzi. Mikataba, bei, saini. Itafute kazi iliyo mbali na kicheko kuliko hiyo, hutaipata. Mwaka 1987 akapanda jukwaani mara ya kwanza, kwenye shindano la vipaji mjini Washington. Hakuacha kazi kesho yake. Mchana alikuwa mezani, usiku alikuwa kwenye maiki, mpaka mwaka 1992 alipofunga virago kwenda New York. Kule akawa anamtangulia mchekeshaji Chris Rock jukwaani. Mwaka 1997 Rock akaanza kipindi chake kwenye televisheni ya HBO, na Wanda akaingia kwenye kundi la waandishi. Mwaka 1999 waandishi hao wakabeba tuzo ya televisheni ya Emmy.

Kutoka 1987 mpaka 1997 ni miaka kumi.

Kumi! Wewe umejaribu miezi mitatu, ukumbi mmoja ukakunyamazia, ukarudi nyumbani na hukumu yako: watu wa hapa hawajui kucheka.

Wanajua. Wanakucheka wewe kila jioni kijiweni, bure!

Ukumbi ukinyamaza haukutukani. Unakuonyesha ulipozidisha maneno. Msikilize mchekeshaji mchanga: "Jana nilipanda daladala ya Mbagala, ilikuwa imejaa sana, yaani tumebanana kwelikweli, basi nikawashwa mguu, nikajikuna, kumbe nakuna mguu wa jirani, akaniambia asante, mimi hoi, nikacheka sana."

Kimya.

Kichekesho kimo humo humo, ila kimezikwa. Kifukue. "Daladala ya Mbagala. Nikawashwa mguu. Nikajikuna. Jirani akasema asante."

Basi. Umefanya nini hapo? Umefuta "sana" zote mbili. Umefuta "kumbe nakuna mguu wa jirani", kwa sababu hadhira ina akili zake, inataka igundue yenyewe. Ukiigundulia, umeinyima raha iliyolipia kiingilio. "Asante" umeiweka mwisho, na baada yake hukuongeza kitu. Watu wakianza kucheka, nyamaza. Ukiongea juu ya kicheko unakiua kwa mdomo wako mwenyewe.

Kazi hiyo haifanyiki jukwaani. Inafanyika chumbani, saa mbaya, na daftari limejaa mistari iliyokatwa. Hapo ndipo wengi wanapokimbia. Wanapenda makofi, hawapendi kufuta.

Wewe unapenda kipi?

Halafu unasema unataka televisheni. Vizuri. Ila ujue, jukwaani unasema wewe, kwenye skripti wanasema wengine. Yule jirani aliyesema asante hawezi kuendelea kuwa "jirani" tu. Mpe jina. Mpe shida. Mfanye awe mwenye nyumba wako, unayemkwepa kwa kodi ya miezi minne, na safari bado ndefu mpaka kituo cha Rangi Tatu. Huoni? Mistari minne ya jukwaani imezaa kipindi kizima, na konda bado hajafungua mdomo! Na huyo konda lazima aongee kikonda. Nimesoma skripti nyingi ambamo konda, mama mkwe na mchungaji wote wanaongea kwa sauti ya mwandishi, na zote zinachosha kwa namna moja.

"Sina koneksheni." Wanda alikuwa na koneksheni gani kwenye ofisi ya manunuzi?

"Huku kwetu huwezi kusema kila kitu." Vijana watatu wa Redykyulass, kundi la vichekesho la Kenya, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walitoka Chuo Kikuu cha Kenyatta wakamwigiza Rais Moi, naye Moi akiwa bado Ikulu. Wakenya wakamwona rais wao kwenye televisheni, akiigizwa, wakacheka. Wewe unamwogopa nani? Afisa mtendaji wa kata?

"Nitaanza mambo yakikaa sawa." Yatakaa sawa lini? Taja tarehe!

Huna tarehe. Ulijua huna.

Na usidhani ukishafika basi umefika. Mwaka 2003 Wanda alipata kipindi kinachobeba jina lake, *Wanda at Large*, kwenye televisheni ya Fox. Mwaka huohuo kikafutwa. Wewe ungeandika waraka wa lawama, ungehama mji. Yeye aliendelea kupanda jukwaani na kuandika. Mwaka 2009 alisimama Washington kwenye dhifa ya waandishi wa habari wa Ikulu ya Marekani, akamtania Barack Obama ana kwa ana. Mwaka 2021 *The Upshaws*, kipindi alichokibuni pamoja na Regina Hicks, kikaanza Netflix. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi tangu ule usiku wa 1987.

Sasa amka!

Usiku wa leo, weka simu chini. Siyo kifudifudi pembeni yako; chumba kingine. Andika dakika tano. Zisome kwa sauti. Kata nusu. Wiki hii tafuta ukumbi wanakoachia wageni maiki, kaombe hizo dakika tano, ukapigwe kimya chako cha kwanza, urudi ukakate tena.

Na kama hujui uanzie wapi, nakupa pa kuanzia bure. Daladala imefika kituo cha Kwa Aziz Ally. Imejaa. Mwenye nyumba amegeuka, amekutambua, na mguu wake bado uko mkononi mwako.

Anasema nini?

Andika.