Wenzako Wako Wapi? Juu ya Marimba ya Mtu Mmoja

Swali lililo kichwa cha maandishi haya si langu. Liliulizwa na mzee mmoja hapa Barumbu, siku ya kuondoa matanga ya bibi ya kijana wa jirani. Kijana yule alikuwa amejitengenezea marimba kwa mikono yake: vibao vya mti mwekundu ambao Wafaransa huuita padouk, na ambao unga wake, ngola, bibi zetu walijipaka mwilini. Chini ya kila kibao alifunga kipande cha tiyo ya plastiki ili sauti ikue. Alishika vijiti vinne, viwili kila mkono, akapiga peke yake karibu dakika kumi, bila ngoma wala mwimbaji. Ufundi ule alijifunza kwa kutazama video kwenye telefone. Alipomaliza watu walipiga makofi. Mzee akangoja makofi yaishe, kisha akamwambia: "Mutoto, umepiga muzuri. Lakini benzako beko wapi?"

Kijana alitazama chini. Hakuna aliyemsaidia kujibu.

Tangu siku ile shirika letu limegawanyika. Wapo wanaotaka kijana apewe nafasi siku ya utamaduni. Wapo wanaosema hapana, muziki wa mtu mmoja si wa jadi, ni mambo ya Wazungu, sisi tulipiga siku zote kwa umoja. Nimeona vema tulichunguze swali lenyewe kabla ya kumhukumu mtoto wa watu. Je, anayepiga peke yake kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya wengi, anawaibia wengi, au anawahifadhia?

Kwanza, tuwape haki yao wanaokataa. Marimba kwetu Afrika, mara nyingi, ni kazi ya kikundi. Ndugu zetu Azande wa Uele, ambao mpaka mwaka 2015 tulikuwa nao katika jimbo moja la Orientale, wana kponingbo: vibao vikubwa vinalazwa juu ya mashina ya migomba, na ngoma zinaungana navyo watu wacheze. Lakini mfano ulio wazi kuliko yote uko Buganda, nchini Uganda. Huko amadinda ina vibao 12, na wapigaji watatu wanakaa pande mbili, wakitazamana. Wa kwanza anapiga mstari wake kwa mwendo sawa. Wa pili anaingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya wa kwanza, pigo kwa pigo, kama meno ya misumeno miwili inayoshikana. Wa tatu ana vibao viwili tu, vile vya sauti ya juu kabisa. Yeye hana wimbo wake mwenyewe. Kazi yake ni kusikiliza yanayotoka kwa wenzake wawili na kuyarudia juu yale yanayoangukia kwenye vibao viwili vya chini kabisa.

Sasa angalia jambo la ajabu. Anayesimama pembeni anasikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wa wale watatu anayezipiga. Zinazaliwa katikati yao. Ukimwondoa mmoja, wimbo haupungui kwa theluthi moja: unatoweka. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na amadinda ni methali hiyo iliyotengenezwa kwa mbao. Kwa hiyo mzee wetu hakuuliza swali la wivu. Aliuliza swali ambalo ala yenyewe inauliza.

Pili, tuone jinsi ala hii ilivyofika mikononi mwa mtu mmoja. Jina marimba ni la lugha zetu za Kibantu. Lilivuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani, likafika Amerika ya Kati. Huko Guatemala, mpaka leo, utakuta watu watatu au wanne wamesimama bega kwa bega mbele ya marimba moja. Yaani hata minyororo haikuwatenganisha wapigaji. Aliyewatenganisha alikuja baadaye, naye ni kiwanda na ukumbi wa tamasha. Mwanzoni mwa karne ya 20 wafanyabiashara wa Marekani, kama Deagan wa Chicago, walianza kuunda marimba za kisasa. Mwaka 1940 Paul Creston aliandika kazi ya marimba moja mbele ya orkestra nzima. Mwaka 1950 mmisionari Mmarekani, Lawrence Lacour, alipeleka marimba Japani, na msichana mmoja wa huko, Keiko Abe, akaisikia. Ndiye aliyekuja kuifanya iwe ala ya kusimama peke yake jukwaani, akitunga na kuwaomba watungaji wenzake waiandikie.

Kwa hiyo ni kweli, njia ambayo kijana wetu ameifuata imepita kwa wageni. Lakini tusiseme haraka kwamba ni ya wageni. Keiko Abe alipotafuta kitu cha kupiga peke yake, mojawapo ya kazi zake aliijenga juu ya nyimbo za watoto wa Kijapani, nyimbo zisizo na mwenyewe kwa sababu ni za kila mtu. Na kijana wetu siku ile alipiga nini? Alipiga wimbo ambao marehemu bibi yake alikuwa akiimba akitwanga pondu. Wamama waliokaa kwenye majamvi waliutambua. Wawili walianza kuuimba kwa sauti ya chini.

Tatu, wanaosema kwamba jadi yetu haimjui mpigaji wa peke yake wamesahau mambo mawili ya hapa hapa kwetu. La kwanza ni likembe. Katika nchi nyingi jina moja, marimba au malimba, linatumika kwa vibao na kwa likembe pia: ni ndugu wa tumbo moja. Likembe inapigwa na mtu mmoja, kwa vidole gumba viwili. Wapagazi wa zamani waliibeba toka chini ya mto mpaka huku juu, wakajiliwaza nayo njiani, mbali na kwao. Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa, lakini vidole gumba viwili vimewafikisha watu wengi nyumbani wakiwa na akili zao.

La pili ni lokole ya Walokele. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Yakusu mwaka 1938, aliandika kitabu juu ya ngoma hii mwaka 1949, lakini wazee wetu hawakuhitaji kitabu kuijua. Gogo moja, midomo miwili, sauti mbili, ya juu na ya chini, na mtu mmoja anayepiga. Kwa kuwa maneno mengi yana mwendo uleule wa sauti, mpigaji halitaji neno fupi: analirefusha kuwa sentensi nzima, ili anayesikia ng'ambo ya mto asikosee. Huyo yuko peke yake kwa mikono. Lakini kila pigo lake limepangwa kwa ajili ya sikio la mwingine, na akimaliza anangoja ajibiwe.

Hapo ndipo naona jibu linaanza kuonekana. Kipimo si hesabu ya mikono. Mtu anaweza kupiga katika kundi la watu kumi asimsikilize hata mmoja. Sote tumeona orkestra za namna hiyo kwenye sherehe. Na mtu mmoja anaweza kupiga akiacha nafasi ya mwingine.

Nafasi hiyo si neno la mahubiri tu, inasikika masikioni. Kibao cha mti sauti yake hufa upesi. Katika amadinda kimya hicho kifupi ndicho kiti cha mwenzako: anakaa humo. Mpigaji wa peke yake anakutana na kimya hicho na kishawishi cha kukijaza chote, kwa kutetemesha vijiti bila kupumzika. Vibrafoni, ile ala ya vibao vya chuma iliyozaliwa Marekani miaka ya 1920, inaongeza mtihani. Chuma hakifi upesi. Mpigaji ana pedali mguuni, na asipoiachia sauti inaendelea kulia juu ya sauti. Mwaka 1971 Gary Burton alirekodi sahani yenye vipande anavyopiga vibrafoni peke yake, kwa vijiti vinne, na jina lake maana yake ni kwamba hatimaye yuko peke yake. Mulatu Astatke wa Ethiopia alitumia ala ileile tofauti: aliirudisha kwao na kuiweka katikati ya wenzake na ya nyimbo za nchi yake. Sisemi mmoja ni mwema na mwingine mbaya. Nasema anayeshika pedali peke yake ana mamlaka ambayo hakuna anayemwambia "sasa inatosha". Lazima ajiambie mwenyewe. Hiyo ni tabia, si ufundi wa mikono tu.

Limebaki neno moja, nalo ni gumu. "Wenzako wako wapi?" ni swali zuri, lakini katika mji wetu ni swali linaloumiza. Mwezi Mei 1966 jeshi la Uganda lilishambulia jumba la Kabaka huko Mengo, na wapigaji wa jumba wakatawanyika. Kama mmoja wao, Evaristo Muyinda, asingalikuwa ameyabeba mengi kichwani na kuyafundisha, hata kwa mgeni kama Gerhard Kubik, tungejua kidogo sana leo. Na sisi? Juni 2000, majeshi mawili ya nje yalipigana siku sita katikati ya Kisangani. Nani kati yetu hakuhesabu wenzake baada ya siku zile? Kuna mtu anayepiga peke yake kwa kiburi, na kuna anayepiga peke yake kwa kuwa ndiye aliyebaki. Tusiwaulize wote wawili kwa sauti moja.

Maoni yangu basi ni haya. Kijana apewe nafasi, na apige peke yake wimbo wa bibi yake kama alivyoupiga. Baada ya hapo tusimwache aondoke na makofi tu. Marimba yake ina pande mbili, na ule wa pili hauna mtu. Tumtafutie vijana wawili wakae mbele yake, yeye awafundishe. Na wa kwanza kutafuta wenzake hao tuwe sisi wazee, tuliouliza wako wapi.