Chai ya Stesheni na Swali la Bei ya Haki

Muuza chai wa stesheni ya reli ana mteja ambaye muuza chai wa mtaani hampati: mtu mwenye kiu, tiketi mkononi, anayeogopa kutoka nje kutafuta duka jingine asije akaachwa na treni. Je, ni haki kumtoza zaidi kwa sababu hiyo? Swali lenyewe lina umri mkubwa kuliko reli. Wanafalsafa na wanazuoni wa dini walilijadili zamani kwa mifano ya nafaka, misafara na miji iliyozingirwa na maadui. Lakini ni vigumu kupata mfano unaolianika waziwazi kuliko stesheni za Uingereza, maana huko biashara ya kulisha abiria ilizaliwa karibu pamoja na reli zenyewe, kisha ikapita mikononi mwa kila aina ya mwenye mali: mkandarasi, kampuni ya reli, serikali, na hatimaye wapangaji wa vibanda na maduka.

Katika karne ya 13 Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kanisa Katoliki, alilijibu kwa kutenganisha mambo mawili. Ikiwa mwenye kitu anapata hasara kwa kuachana nacho, anaweza kuipandisha bei ili afidie hasara hiyo. Lakini ikiwa kitu hicho kitamfaa sana mnunuzi, na muuzaji hapungukiwi na lolote, bei haipaswi kupanda. Ziada ile ya manufaa imetoka katika hali ya mnunuzi, haikutoka katika mali ya muuzaji, na mtu hauzi kisicho chake. Kwa mizani hiyo, kiu ya abiria ni ya abiria. Mwenye mgahawa anaweza kudai gharama ya majani ya chai, maziwa, kuni au gesi, mshahara wa mhudumu na faida ya kumtunza yeye na watoto wake. Anapoongeza kiasi fulani kwa sababu tu anajua mteja hana pa kwenda, ameuza dhiki ya mwenzake.

Fiqhi ya Kiislamu ilifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Imepokewa kwamba bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume awapangie bei, naye akakataa. Wengi wakaishia kwenye hadithi hiyo na kusema soko liachwe lilivyo. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, hakuishia hapo. Alieleza kwamba kukataa kule kulihusu soko lililo huru, ambamo bei hupanda kwa uchache wa bidhaa au wingi wa watu. Pale ambapo chakula hakiruhusiwi kuuzwa ila na watu maalumu, mambo hubadilika, na mtawala ana wajibu wa kuwalazimisha watu hao wauze kwa thamani ya kawaida ya kitu kama hicho. Kigezo chake, basi, si ukubwa wa bei. Kigezo ni kama mlango umefungwa, na nani aliyeufunga.

Mlango haujapata kufungwa kwa ukamilifu kama ulivyofungwa Swindon. Kampuni ya Great Western ilipokamilisha njia yake ya London hadi Bristol mwaka 1841, ilikuwa imepungukiwa na fedha. Ikafanya mapatano na wakandarasi, J. na C. Rigby: wao wajenge stesheni ya Swindon kwa gharama yao, na malipo yao yawe haki ya kuwauzia abiria chakula na vinywaji. Wakapewa kumbi hizo kwa miaka 99, kwa kodi ya peni moja kwa mwaka. Na ili biashara isikose wateja, kampuni ikaahidi kwamba treni za kawaida za abiria zitasimama hapo kwa takriban dakika kumi. Kumbi zilifunguliwa mwaka 1842. Wakandarasi hawakuziendesha wenyewe, walizikodisha kwa mwingine, na baadaye haki hiyo ikauzwa kama mali yoyote inayopanda thamani.

Kilichouzwa pale kwa hakika ni nini? Si chai wala supu, kwa sababu mtu yeyote angeweza kupika chai na supu. Kilichouzwa ni dakika kumi za watu ambao hawakuulizwa. Abiria aliyejiletea mkate na jibini kutoka nyumbani alisimamishwa dakika zilezile, na aliyekuwa na haraka alisimamishwa vilevile. Kampuni ilipojaribu kufupisha muda wa kusimama kwa treni zake za kasi, wenye mkataba walikwenda mahakamani kudai dakika zao. Neno “zao” lina maana kamili hapa: kisheria muda ule ulikuwa umegeuka kuwa mali ya muuza chakula. Hata Isambard Kingdom Brunel, mhandisi aliyeichora reli yenyewe, hakunusurika. Barua yake ya mwaka 1845 kwa msimamizi wa kumbi hizo bado inajulikana kwa kejeli yake: anamwambia kwamba hakujua kama mahali pale pana kahawa kabisa, na anashangaa kwa nini wananunua nafaka iliyokaangwa mbaya kiasi hicho. Mtu aliyeweza kupitisha treni ndani ya kilima hakuweza kupata kikombe cha kahawa cha haki kwenye reli yake mwenyewe.

Behewa la kwanza la chakula nchini humo lilianza kazi mwaka 1879 kati ya London na Leeds, na polepole abiria wakaanza kula huku wakisafiri. Swindon iliendelea kusimamisha treni. Mwaka 1895 kampuni ilijikomboa kwa kuununua mkataba wake kwa pauni 100,000. Fedha hizo ni kipimo kizuri cha thamani ya mlango uliofungwa, kwani zililipwa ili treni isisimame.

Wanaoupinga mtazamo wa Aquinas husema kwamba abiria si mtu anayekufa kwa njaa. Amesafiri kwa hiari, anajua treni huchelewa, na hakuna anayemkataza kubeba chakula chake. Hoja hiyo ina uzito. Wanafiqhi wenyewe walitofautisha dhiki ya kufa na kupona, ambayo humlazimisha mwenye chakula cha ziada kukitoa kwa bei ya kawaida, na usumbufu wa kila siku ambao mtu mzima anapaswa kujipangia. Kiu ya nusu saa haimfanyi mtu kuwa mwenye dhiki. Tatizo ni kwamba hoja hii inamchukulia kila anayengoja kuwa amechagua kungoja. Aliyekuja stesheni saa moja mapema ameichagua saa hiyo. Yule ambaye treni yake imefutwa saa tatu usiku hakuchagua chochote, na aliyemkwamisha ni reli ileile inayopokea kodi ya kibanda anachonunulia chai. Siku hizi kampuni za treni za Uingereza humrudishia abiria aliyecheleweshwa sehemu ya nauli yake. Bei aliyolipa kibandani wakati akisubiri haimo katika hesabu hiyo.

Tofauti hii Waingereza waliwahi kuielewa bila kufundishwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, watu wa kujitolea walifungua meza za chai na chakula katika stesheni kubwa za London, Victoria ikiwa mojawapo, wakawahudumia askari bure. Mtu aliyetumwa safari asiyoiomba hakupaswa kulipia kiu ya safari hiyo. Katika karne ya 19, kwa upande mwingine, mijadala mikali ya kidini kuhusu reli ilielekea kwingine: pombe, na treni za Jumapili. Thomas Cook, Mbatisti mpinga ulevi, aliandaa safari yake mashuhuri ya mwaka 1841 kutoka Leicester hadi Loughborough kwa ajili ya mkutano wa kuhimiza watu waache pombe. Wacha Mungu hao walihangaikia sana kilichomo kikombeni, na kidogo mno bei yake.

Ukiritimba, hata hivyo, haujionyeshi kwa bei peke yake. Mwaka 1866 Charles Dickens alichapisha hadithi za Mugby Junction, na ndani yake mgahawa wa stesheni ambao wahudumu wake wanaona fahari kutomhudumia mtu. Mahali alipopafikiria ni Rugby. Karibu karne moja baadaye, reli zilipokuwa za serikali, sandwichi ya British Rail, iliyokauka na kujikunja pembeni, ilikuwa mzaha wa taifa zima. Serikali haikuwa na tamaa ya wakandarasi wa Swindon, lakini mteja aliyefungiwa alilipa vilevile, safari hii kwa kula kitu kibovu. Mwenye njaa hana miiko, na muuzaji asiye na mshindani hulijua hilo, awe mtu binafsi au wizara. Biashara hiyo ya serikali iliuzwa mwaka 1988.

Leo stesheni kubwa za Uingereza zimejaa maduka, na mwenye duka akiulizwa kwa nini chai yake ni ghali atajibu kwamba pango ni kubwa. Ni kweli kwamba anatozwa, mara nyingi kwa sehemu ya mauzo yake. Lakini mwanauchumi David Ricardo alionyesha mwaka 1817, akizungumzia mashamba, kwamba uhusiano huo umegeuzwa kichwa chini: ughali wa mazao ndio unaomwezesha mwenye ardhi kudai kodi kubwa. Vivyo hivyo, pango la stesheni ni kubwa kwa sababu abiria wapo na hawana pa kwenda. Muuzaji hanufaiki sana na dhiki ile, kwa kuwa anaikusanya na kuipeleka kwa mwenye nyumba. Huyo, katika stesheni kubwa 20 hivi kati ya zaidi ya 2,500 nchini, ni Network Rail, shirika la umma, na fedha zake hurudi kwenye reli. Hapo jibu la Aquinas linakuwa gumu zaidi. Kodi inayotumika kutengeneza reli si ulafi. Hata hivyo ni kodi inayotozwa kwa njaa: aliyekula nyumbani haichangii, na aliyekwama kwa treni mbovu anaichangia mara mbili.

Katika stesheni ndogo hesabu hugeuka. Corrour, katika nyika za Rannoch huko Scotland, iko mita 408 juu ya usawa wa bahari na haifikiwi na barabara yoyote ya umma. Ina mgahawa. Mteja wa hapo amefungiwa kuliko yeyote wa London, lakini muuzaji naye amefungiwa, na mzigo wa kuleta unga na maziwa ni wake. Akipandisha bei anafidia gharama na taabu yake, jambo ambalo Aquinas aliliruhusu waziwazi. Bei moja ya kikombe inaweza kuwa dhuluma katika stesheni ya King's Cross, London, na halali Corrour. Kwingine mteja hakufungiwa kabisa. Baa ya stesheni ya Stalybridge, ya mwaka 1885, ina wateja wasio na safari yoyote, na Carnforth, ambako sehemu ya filamu ya Brief Encounter ya mwaka 1945 ilipigwa, watu huenda makusudi kunywa chai katika chumba kilichorejeshwa sura ya zamani mwaka 2003, ingawa mgahawa unaoonekana katika filamu ulijengwa studio. Kwa wanaokuja kwa hiari, bei ni jambo lao na mwenye duka.

Mipaka mingine imeshachorwa kimyakimya. Mwaka 1859 Samuel Gurney, mwenye benki na Mkweka, alisaidia kuanzisha chama cha kuweka mabomba ya maji ya kunywa ya bure jijini London, kwa imani kwamba maskini asilazimike kununua pombe kwa kukosa maji. Mwaka 2018 Network Rail ilianza kuweka mabomba ya kujaza chupa bure katika stesheni zake, na mwaka 2019 ikaacha kutoza fedha za choo. Maji na choo, basi, vimetoka sokoni. Joto bado. Katika baadhi ya stesheni ndogo zisizo na wafanyakazi, mahali pekee penye joto wakati wa baridi ni mgahawa, na desturi ni kwamba anayeketi ndani anunue. Bei ya kikombe hapo ina vitu viwili ndani yake: chai, ambayo ni ya muuzaji na ana haki ya kuiuza, na nafasi karibu na kipasha joto usiku wa Januari, ambayo reli ilikuwa ikiwapa abiria wake katika chumba cha kungojea kabla ya kukifunga.