Fungu la Haki la Mwenye Kuuza Mali ya Wengine

Mafundisho juu ya amri ya saba

Amri ya saba ya Mungu yakataza wizi. Kila mkatekumeni aijua tangu miezi ya kwanza ya mafundisho, na wengi hudhani ya kuwa haiwahusu, kwa sababu hawajavunja nyumba ya mtu usiku wala hawajachukua mbuzi wa jirani. Lakini kuna wizi usiovunja mlango. Wizi huo hukaa ndani ya hesabu, na mara nyingi mwenye kuibiwa hushukuru, kwa kuwa hajui kilichotendeka.

Siku hizi mtu mwenye simu ya intaneti aweza kuuza samaki wa Kalemie kwa watu wa Lubumbashi, naye hajaondoka kijijini kwake. Hupiga picha ya mali, huituma, hungoja mnunuzi, kisha hupokea feza katika simu. Kazi hiyo ni njema. Mama asiyejua kusoma, ambaye zamani aliuza kwa mchuruzi wa kwanza aliyepita, sasa aweza kupata mnunuzi wa mbali. Na yule amtumikiaye ana haki ya kupata fungu lake, ambalo watu wa mjini huliita komisyo. Bali fungu hilo liwe kiasi gani? Na litwaliwe kwa namna gani, lisije likageuka kuwa wizi?

1. Mfano wa kikapu cha ndakala

Mkatekumeni afikiri mfano huu. Mama mjane, akaaye ufukoni mwa ziwa Tanganyika, ana kikapu kikubwa cha ndakala wakavu. Ampa kijana mmoja wa kijiji, mwenye simu, amuuzie. Kijana huyo ni mkatekumeni, naye atabatizwa Pasaka ijayo. Wapatana ya kuwa atatwaa kumi kwa mia ya bei, na gharama zitaondolewa kando.

Mnunuzi wa Lubumbashi atoa franka 100,000. Gharama ni hizi: mega za simu, franka 2,000, pikipiki, franka 5,000, kusafirisha kikapu, franka 15,000, kutoa feza katika simu, franka 3,000. Jumla ni franka 25,000. Basi kwa haki kijana apate franka 10,000, na mama apate franka 65,000.

Lakini kijana arudi na kusema: «Mama, kikapu kimeuzwa kwa franka 60,000.» Aondoa gharama zote, aondoa tena franka 6,000 kuwa kumi kwa mia, ampa mama franka 29,000. Mama apokea kwa mikono miwili na kumwombea baraka. Kijana abaki na franka 46,000 kwa kazi iliyostahili 10,000. Hakuvunja mlango wowote, walakini ameiba franka 36,000 za mjane.

2. Mfano wa Tobia na malaika Rafaeli

Katika Biblia Takatifu, Kitabu cha Tobiti chaonyesha mtumishi aliyetumwa kuleta mali ya mwingine. Tobiti, mzee aliyekuwa kipofu na maskini, alikuwa ameweka talanta 10 za feza kwa Gabaeli, katika mji wa Rage, nchi ya Media. Alimtuma mwanawe Tobia azitwae. Tobia hakuijua njia, akatafuta mtu wa kumwongoza. Akampata Rafaeli, malaika wa Mungu, aliyejiita Azaria, wala hawakumtambua.

Mambo matatu ya habari hiyo yafaa kushikwa moyoni. La kwanza: ujira ulitajwa kabla ya safari, drakma moja kwa kila siku. Rafaeli hakungoja kuiona feza ili ajikatie fungu lake mwenyewe. La pili: gharama za njiani ziliwekwa kando, zisichanganywe na ujira. La tatu: Rafaeli alipofika kwa Gabaeli, mifuko ilihesabiwa mbele yake, na mihuri yake ilikuwa mizima.

Waliporudi salama, Tobia aliona ya kuwa hata nusu ya mali yote ingemfaa mwenzake huyo. Nyongeza ile ilitoka katika moyo wa mwenye mali, kwa hiari yake, naye aliijua hesabu yote. Hiyo ni zawadi. Nyongeza anayojitwalia mtumishi kwa siri ina jina lingine.

3. Namna ya kulipima fungu

Kanisa halikuweka hesabu moja kwa biashara zote. Lafundisha ya kuwa fungu la muuzaji ni ujira wa kazi. Basi lapimwa kwa kazi, wala halipimwi kwa ujinga wa mwenye mali. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha ya kuwa mchuruzi aweza kutafuta faida ya kiasi kuwa ujira wa taabu yake, bali udanganyifu katika kuuza na kununua ni dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yahesabu kati ya makosa juu ya amri ya saba tendo la kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwingine.

Kwa hiyo muuzaji mwenye haki huyatazama mambo haya. Je, yeye atuma picha tu, na mali yakaa nyumbani kwa mwenyewe hata siku ya kuuzwa? Hapo taabu yake ni ndogo, na fungu lake liwe dogo. Je, huitunza mali, huifunga, huipeleka, huwajibu wanunuzi mchana na usiku? Hapo fungu liongezeke. Je, mali yakipotea njiani, hasara ni juu yake? Hapo liongezeke tena, kwa maana amebeba mzigo wa mwenzake. Bali ikiwa hasara yote yabaki juu ya mwenye mali, muuzaji asidai fungu la mtu aliyebeba hatari.

Watu wengine hupatana hivi: mwenye mali ataka franka 60,000, na yote yatakayozidi ni ya muuzaji. Mapatano hayo yaweza kuwa ya haki, ikiwa mwenye mali aijua bei ya mjini na akubali kwa hiari. Lakini kijana akijua ya kuwa kikapu chauzwa 100,000 mjini, na mama hajui, yampasa amwambie kwanza.

Mwenye kosa husema: «Mama mwenyewe alikubali.» Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alijibu neno la namna hiyo juu ya mishahara. Alifundisha ya kuwa mfanyakazi akubaliye masharti magumu kwa sababu ya shida au hofu atendewa jeuri, na haki yalalamika. Mjane mwenye watoto wa kulisha leo jioni atakubali karibu kila neno. Kukubali kwake hakugeuzi udhalimu kuwa haki.

Mwenye mali naye ana wajibu wake. Asiweke samaki wabovu chini na wazuri juu, kwa kuwa aibu itamwangukia aliyetuma picha. Tena, muuzaji akiisha kumtafutia mnunuzi, asimpite kwa siri ili amnyime ujira. Bwana wetu Yezu Kristu alifundisha ya kuwa mfanyakazi astahili ujira wake.

4. Yule aliyekwisha kutwaa

Wakatekumeni wengine hudhani ya kuwa maji ya ubatizo yataosha na deni pia. Ubatizo waondoa kweli dhambi zote, ile ya asili na zile alizotenda mtu. Bali franka za mjane zilizo mfukoni mwa kijana hubaki za mjane hata baada ya ubatizo. Zakeo, mkubwa wa watoza ushuru, alipompokea Yezu nyumbani mwake, aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila mtu aliyemdhulumu. Ndipo Bwana alipotangaza ya kuwa wokovu umefika katika nyumba ile.

Basi kijana yule amrudishie mama franka 36,000. Asipokuwa nazo zote, arudishe kidogo kidogo, bila kuacha. Mwenye mali akiwa amekufa, arudishe kwa warithi wake. Akiwa hajulikani tena, awape maskini. Si lazima ajitangaze mbele ya kijiji chote. Aweza kumwomba padri amsaidie kurudisha kwa siri.

5. Maswali na majibu

Swali: Je, kuuza mali ya wengine na kutwaa fungu ni dhambi?
Jibu: Hapana. Ni kazi njema, nayo yastahili ujira.

Swali: Fungu la haki ni lipi?
Jibu: Ni lile lililopatanwa mbele, lenye kulingana na kazi na hatari, wala halikufichwa.

Swali: Muuzaji apaswa kumwonyesha nini mwenye mali?
Jibu: Bei aliyotoa mnunuzi, gharama zote, na fungu lake mwenyewe.

Swali: Aliyeficha bei atende nini?
Jibu: Atubu, arudishe, wala asitende tena.

Azimio la juma hili: kila mkatekumeni mwenye kuuza vitu vya wengine kwa simu atafute daftari. Aandike bei, gharama na fungu lake, amsomee mwenye mali, hasa yule asiyejua kusoma, na kumwonyesha ujumbe wa feza uliofika. Kabla ya kulala amwombe malaika mkuu Rafaeli amwongoze, ili kila alichokabidhiwa akifikishe kwa mwenyewe kikiwa kizima, kama mifuko ile ya Rage.