Aliibiwa Nini, Kama Picha Bado Anayo?



Leo nina stori moja ya huku kwetu Njisi, halafu nina swali. Stori ni fupi. Swali ndilo lililoninyima usingizi.

Jumapili moja baada ya Misa, kaka mmoja alisimama nje ya kanisa, simu mkononi. Ni dereva wa lori, foleni ya mpakani Kasumulu ilikuwa imemshika siku ya tatu. Alikuwa anamtafuta mchumba wake. Kwenye simu kulikuwa na picha ya dada mmoja wa kwaya yetu, amevaa sare ya Pasaka. Miezi minne kaka huyo alikuwa anachati na mwenye picha hiyo, na hela anatuma: mara mama anaumwa, mara ada ya chuo. Dada wa watu hamjui kabisa. Kumbe kuna mtu alichukua picha zake Facebook, akafungua akaunti, akaanza kupendwa kwa sura isiyo yake.

Dereva alimtazama dada, akatazama simu, akasema mbele za watu: "Dada, hela yangu umekula, halafu unanikana?" Dada akalia. Na baadhi yetu, Mungu atusamehe, tukaanza kunong'ona: pafukapo moshi pana moto.

Sasa swali: yule dada aliibiwa nini? Hela ilikuwa ya dereva. Picha bado ipo kwenye simu ya dada. Kijana mmoja wa VIWAWA aliniambia wazi: "Mimi naona kaibiwa dereva tu. Picha kaiweka mwenyewe, kila mtu anaiona. Kuiba ni kumpunguzia mtu kitu." Hoja hiyo si ya kijinga, tusiipite haraka.

Fikiria mtumbwi. Mvuvi wa huku ziwani kaufunga ufukweni jioni. Usiku mtu anauchukua, anapitishia magendo, alfajiri anaurudisha palepale. Hakuna ubao uliopungua. Lakini askari wakija, wanamkamata nani? Mwenye mtumbwi. Na hakuna atakayesema, "Si uliuacha wazi ufukweni?" Kuona kitu si ruhusa ya kukitumia. Kwa hiyo mtu anaweza kuibiwa bila kupunguziwa kitu cha kushika.

Lakini hata mfano huo haufiki mwisho, maana mtumbwi hausemi. Uso unasema. Dereva hakushawishiwa na maandishi peke yake. Aliamini yale macho, lile tabasamu, ile sare. Alijisemea moyoni: mtu anayemwimbia Mungu hawezi kunitapeli. Yaani tapeli alitumia uaminifu wa dada kama chambo. Uaminifu ule dada aliujenga kwa miaka, kwa kuwahi mazoezi na kurudisha chenji ya watu, na mtu mwingine akautumia kwa miezi minne. Hapo amri ya saba na ya nane zimevunjwa pamoja: kaiba, na kile alichoiba kakifanya kiseme uongo.

Biblia inalijua jambo hili tangu zamani. Soma Mwanzo 27. Isaka macho yamefifia, Yakobo anavaa nguo za Esau na ngozi za mbuzi mikononi. Baba anamuuliza, wewe ni nani? Anajibu kwamba yeye ni Esau. Sauti haikufanana, lakini mikono ikamdanganya mzee. Akaunti bandia ya kwanza, tuseme! Na baadaye Labani alimpa Lea badala ya Raheli, Yakobo naye akaonja kudanganywa juu ya mchumba.

Ila stori haiishii hapo. Miaka inapita, Yakobo anarudi, na usiku kwenye kivuko cha Yaboki anaulizwa tena jina lake. Safari hii anasema kweli: Yakobo. Sisi wa mpakani tunalielewa hilo. Huwezi kuvuka daraja la Songwe kihalali kwa kitambulisho cha ndugu yako. Na alipokutana na Esau, Yakobo alimwambia kwamba kuuona uso wake ni kama kuuona uso wa Mungu, akamsihi apokee baraka yake. Aliyejivika sura ya kaka yake alijifunza mwishoni kwamba ile sura ilikuwa takatifu. Kila uso una mfano wa Mungu, ndiyo maana haukodishwi wala hauazimwi bila mwenyewe kujua.

Jambo hili halipo Kyela tu. Bryan Denny, kanali mstaafu wa jeshi la Marekani, aligundua picha zake zimetumika kwenye akaunti bandia nyingi mno kutapeli wanawake. Mwaka 2025 Ufaransa ilisikia habari za mama mmoja aliyepoteza euro 830,000 kwa tapeli aliyejifanya Brad Pitt. Watu walimcheka mama yule mpaka kituo cha televisheni kikaondoa kipindi chake. Tazama: tapeli anaiba, halafu sisi tunamalizia kazi yake kwa kicheko.

Basi tufanye nini? Wewe uliyetapeliwa, usione aibu. Kupenda na kuamini si dhambi. Ripoti akaunti, nenda polisi, na namba ya tapeli itume kwenda 15040. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine. Wewe ambaye picha yako imechukuliwa, kuwa mwangalifu kesho, lakini kosa si lako.

Na wewe unayefanya mchezo huu, labda unasoma hapa kwa bando la hela hiyohiyo. Kuungama tu hakutoshi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2487, inafundisha kwamba kosa dhidi ya haki na ukweli lina wajibu wa fidia. Rudisha hela. Funga akaunti. Na jina la yule dada ulisafishe, maana hilo nalo ni deni.

Sisi tulionong'ona pia tunadaiwa. Wiki iliyofuata, kwenye jumuiya, mama mmoja alisimama akamwambia yule dada: "Mwanangu, nilikusema vibaya. Nisamehe." Tukafuata mmoja mmoja. Dereva alishaondoka, bado hajajua. Namba yake tunayo. Nani atampigia?

Tusali: Bwana, utufundishe kuuheshimu uso wa jirani kama wako, na utupe ujasiri wa kutaja majina yetu wenyewe mbele zako. Amina.