Mnyang'anyi Haibi Pangoni

Kisa cha Yesu kupindua meza za wabadili fedha Hekaluni kinajulikana hata kwa wasiofungua Biblia mara kwa mara. Mahubiri mengi hukifanya kisa cha biashara: wachuuzi waliwapunja mahujaji, Yesu akaghadhibika, akawatimua. Maelezo hayo yanaruka jambo lililo wazi katika Injili ya Marko, sura ya 11. Maneno anayoyatamka Yesu pale ameyatoa kwa manabii wawili, Isaya na Yeremia, tena mbele ya watu waliolelewa na maandiko hayo. Anayeisoma Injili bila kuwarudia manabii hao hawezi kusikia walichosikia watu wale.

Tuanze na Yeremia, sura ya 7. Nabii anasimama langoni mwa nyumba ya Mungu na kuwakabili watu wanaoiba, wanaoua, wanaoapa uongo na kumwonea mgeni, yatima na mjane, kisha wanaingia kuabudu na kujiona wamesalimika. Ndipo anapowauliza kama nyumba hiyo imegeuka pango la wanyang'anyi. Sasa, mnyang'anyi haibi pangoni. Anaibia njiani; pangoni anakwenda kujificha. Kwa hiyo shutuma haiishii kwa muuza njiwa na bei yake, bali inamfikia kila anayeifanya ibada maficho ya dhuluma aliyoitenda kwingine. Marko analithibitisha hilo, maana katika sura ya 12 Yesu anawakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakirefusha sala, na mara anatokea mjane fukara na sarafu zake mbili. Mjane wa Yeremia bado yupo Hekaluni, na bado anaonewa. Isaya naye, sura ya 56, anamfungulia mlango mgeni na towashi. Kati ya waandishi wa Injili wanaosimulia tukio hili, ni Marko peke yake aliyeyabakiza maneno ya nabii huyo kuhusu mataifa yote.

Wapo watakaosema kwamba Agano la Kale lilikwisha kazi yake Kristo alipokuja, basi tulisome la nini? Hoja hiyo ni kongwe. Yapata mwaka 144 kanisa la Roma lilimtenga Marcion, aliyeyakataa maandiko ya Kiebrania na kubaki na Injili ya Luka aliyoipunguza, pamoja na nyaraka za Paulo. Wazo lenyewe halikufa. Mwaka 1939 baadhi ya Waprotestanti wa Ujerumani walifungua taasisi mjini Eisenach ya kuondoa kanisani kila chenye asili ya Kiyahudi, na mwaka uliofuata ikatoa Agano Jipya lililochujwa. Yesu asiye Myahudi ni rahisi kumgeuza adui wa Wayahudi. Lakini ukimsoma pamoja na Yeremia, unatambua kuwa anawakemea watu wake kama manabii wao walivyowakemea, kwa uchungu wa mwana wa nyumba.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, Mkristo anayesoma hivi hawanyang'anyi Wayahudi kitabu chao na kukifanya fumbo lililomngoja Yesu? Hatari hiyo ipo. Mathayo, sura ya 2, anachukua maneno ya Hosea kuhusu mwana aliyeitwa kutoka Misri, ilhali Hosea, sura ya 11, anazungumzia taifa la Israeli na safari yake ya zamani. Dawa ni kumwacha Hosea aseme lake kwanza. Hapo ndipo nia ya Mathayo inapoonekana: anamsimulia Yesu akiipita upya njia ya taifa lake, hata jangwani anakaa siku 40, na kila anapojaribiwa anajibu kutoka Kumbukumbu la Torati. Mathayo anaegemea maana ya kwanza, haifuti. Na Wayahudi, ambao hawajaacha kuyasoma maandiko hayo kwa mapokeo yao, wana haki ya kuyasikia kwa namna yao.

Usomaji huu una gharama kwa msomaji mwenyewe. Maadamu pango ni la wachuuzi wa zamani, sisi tumepona. Likiwa pango la Yeremia, linamhusu mwajiri anayemdhulumu mfanyakazi wa nyumbani na mwanasiasa anayeleta kwenye harambee ya kanisa fedha za umma alizoiba. Linamhusu pia mchungaji anayezipokea akijua zilikotoka.