Simba Bulaya bado hajafika sinema

Katika filamu zote za kutisha za Ulaya ninazozijua, ninayoiweka juu kabisa haina jini, mzimu wala meno marefu. Ni Les Yeux sans visage ya Mfaransa Georges Franju, ya mwaka 1960. Kuna daktari mpasuaji, mtu wa heshima zake, mwenye jumba nje ya Paris. Binti yake ameharibika uso katika ajali, na aliyekuwa akiendesha gari ni daktari mwenyewe. Basi humtuma mwanamke anayemtumikia ashuke mjini na gari dogo, awarubuni wasichana kwa maneno matamu na kuwaleta. Wakishaingia jumba lile hulazwa mezani na kuchunwa ngozi ya uso, ili binti abandikwe. Kisha daktari anatoa mhadhara, na mabibi wa mjini wanampigia makofi.

Kisimulie kisa hicho mbele ya wazee waliokulia kambi za kampuni ya migodi Union Minière, hapa Likasi au Lubumbashi, uone kama kuna atakayeuliza maana yake. Walikuwa nacho kabla Franju hajakishikia kamera. Walikiita Simba Bulaya.

Kwa asiyejua: enzi ya Wabelgiji, watu wa Katanga walisimuliana kwamba wapo Wazungu wanaokula watu, ndio Simba Bulaya, yaani simba wa Ulaya, na kwamba hawatoki wenyewe kuwinda. Wana vibarua wao, Waafrika kama sisi, wanaovizia usiku. Hao ndio batumbula. Aliyechelewa njiani hukamatwa, na ndugu zake hawamwoni tena. Pwani wana mumiani wao, na Nairobi na Kampala walikuwa na wazimamoto wanyonya damu. Mwanahistoria Mmarekani Luise White alikusanya mengi ya masimulizi hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 2000. Sisi Katanga tuna picha pia. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alimchora Simba Bulaya katika mfululizo wake wa picha zipatazo mia za historia ya nchi, alioufanya miaka ya 1973 na 1974. Alimweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha moja moja, kwa Kiswahili hiki chetu cha Katanga. Leo ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililojulikana kwa miaka mingi kama Tropenmuseum. Ndiyo, Simba Bulaya alirudi kwao.

Kinachonivutia ni jinsi wazee wetu na Franju walivyokutana bila kujuana. Kwao wote, mla watu ni mwenye nyumba nzuri na jina zuri. Kwao wote, katikati yuko mtumishi, anayeijua njia ya kumfikia mnyonge kwa sababu na yeye anaishi karibu na wanyonge. Na polisi, kote kuwili, hawafiki mapema. Wakoloni waliyaita masimulizi yetu ushirikina, ilhali kwao Ulaya watu walikata tiketi kwenda kumtazama Christopher Lee akizama shingoni mwa msichana katika Dracula ya mwaka 1958. Filamu za kuonyeshwa Mwafrika zilipita kwanza mikononi mwa wachujaji, maana mtawala hakupenda tumwone Mzungu akifanya uovu. Kana kwamba tulihitaji sinema ili tumwone. Mtu anayeshinda kutwa chini ya moshi wa kiwanda cha Shituru, mwili wake ukiisha kwa ajili ya shaba isiyokuwa yake, angeiitaje hali ile kama si kuliwa?

Filamu ya pili kwangu ni ya Wabelgiji wenyewe, Les Lèvres rouges ya Harry Kümel, mwaka 1971. Inakwenda polepole mno, na wale wanandoa vijana wanachosha. Lakini Delphine Seyrig! Anaingia katika hoteli tupu ya Ostend wakati wageni hawapo, amevaa kama malkia, na mtu wa mapokezi anaingiwa na hofu: alimwona miaka arobaini iliyopita, alipokuwa kijana wa kubeba mizigo, na mwanamke huyu hajazeeka hata siku moja. Jina lake ni Elizabeth Báthory, na ujana wake anaupata katika damu ya wengine. Hoteli inayoonekana kwa nje ni Thermae Palace, iliyoshikana na safu ndefu ya nguzo aliyoijenga Leopold II kando ya bahari kati ya 1902 na 1906, wakati Kongo nzima ilikuwa mali yake binafsi. Katika mji huohuo ipo sanamu yake juu ya farasi, na Wakongo miguuni wakimshukuru. Mwaka 2004 wanaharakati walimkata mkono mmoja wa Wakongo wale, kukumbusha mikono iliyokatwa enzi ya kulazimishwa kuvuna mpira. Mtazamaji wa Katanga hana haja ya kuambiwa ujana wa namna hiyo ulilishwa na nani.

Ninapoachana na mashabiki wa filamu hizi ni kwenye Africa addio ya Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, ya mwaka 1966. Wapo wanaoitafuta kama hazina adimu, na kuipanga rafu moja na hizo nilizozitaja. Waitaliano hao walipiga picha kutoka angani maiti za Unguja baada ya mapinduzi ya Januari 1964, wakaja Kongo wakati wa vita vya waasi walioitwa Simba na kupiga picha za watu wakiuawa. Jacopetti alichunguzwa huko Italia kwa madai kwamba mauaji mengine yalipangwa ili kamera iyapate vizuri, akaondolewa lawama. Sawa, sheria imesema. Lakini wasichana wa Franju walinyanyuka mezani, wakanawa rangi, wakaenda kula chakula cha jioni. Waliopigwa risasi Kongo hawakunyanyuka. Filamu ya kutisha ni mapatano kati ya anayetisha na anayekubali kutishwa. Maiti hakupatana na mtu. Kwangu hiyo haina sifa ya kuitwa sanaa, hata mashabiki waisifu upigaji picha wake kiasi gani.

Mji wetu wa Likasi nao uliingia filamuni kwa jina lake la zamani, katika The Siege of Jadotville ya mwaka 2016, juu ya askari wa Ireland waliozingirwa hapa Septemba 1961. Ilipigwa Afrika Kusini. Sisi wenye mji tumo kwa kupita tu.

Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, ameonyesha kwamba inawezekana vinginevyo. Katika Augure yake, iliyopata tuzo Cannes mwaka 2023, kijana anarudi kutoka Ulaya na mchumba wake Mzungu, na ukoo unamwona mlozi kwa sababu ya alama aliyozaliwa nayo usoni. Hofu ile ni ya kwetu, na imesimuliwa na mtoto wa kwetu.

Kwa hiyo vijana wa Kikula na Panda hapa Likasi, simu mnazo. Anzeni kwa wazee: warekodini wakisimulia Simba Bulaya kama walivyomsikia, maana wanaokumbuka wanapungua kila mwaka. Kisha pigeni filamu. Mzungu wenu msimpe meno ya Dracula. Mpeni ofisi, gari na mshahara wa kumlipa mvizia njia. Na huyo mvizia njia msimfiche sura, kwa kuwa alikuwa mtu wetu.